Handaki la Baba Naserian

Wazo la kuchimba handaki halikuzaliwa kwetu Kitengela. Lilitoka Moore, katika jimbo la Oklahoma, Marekani, kwa shemeji yangu, ambaye kule ni muuguzi na huku ni mshauri wa ukoo katika kila jambo, kuanzia mahari hadi dawa ya kupe. Alitupigia simu ya video akiwa ameketi ndani ya sanduku la chuma lililozikwa chini ya sakafu ya gereji yake. Hakukuwa na kimbunga siku hiyo. Alikuwa anatuonyesha tu. Tukaona benchi mbili, tochi, katoni ya maji, redio na helmeti ya mtoto. Mlango wake unatelezeshwa, akatueleza, ili vifusi vikiuangukia usikwame. Baba Naserian alitazama bila kusema neno. Nami kwa kuwa najua ukimya wa mume wangu huwa na gharama, niliinuka nikaenda kuangalia sufuria.

Sisemi kwamba watu wa Moore wanajitisha bure. Mei 3, 1999 rada ilipima upepo wa kimbunga karibu na mji huo ukienda kasi inayozidi kilomita 480 kwa saa. Mei 20, 2013 kingine kiliua watu 24, wakiwemo watoto saba waliokuwa katika shule moja ya msingi. Anayeishi pale akizika chuma kwenye gereji, nani atamcheka? Kila Jumamosi saa sita mchana, anga likiwa safi, ving'ora vya upande ule hulizwa kwa majaribio, na shemeji anasema watoto wake hawainui hata macho kutoka kwenye sahani. Habari hiyo ya ving'ora Baba Naserian aliipenda mno. Aliiuliza mara mbili.

Simu yenyewe ilitukuta katika masika ya 2024, na masika yale hayakuwa ya kumtuliza mtu. Mai Mahiu maji yalikuwa yamesomba watu usiku, Aprili 29. Huku kwetu mito ilifurika, sehemu za Kitengela na Athi River zikazingirwa. Mara redio zikaanza kumtaja Hidaya, kimbunga kutoka Bahari ya Hindi, na Rais akaahirisha kufunguliwa kwa shule. Hidaya kilitua Tanzania, upande wa Mafia, Mei 4, kikafifia huko huko. Lakini watoto walikuwa nyumbani, baba yao yuko nyumbani, na daftari la hesabu la Naserian lilikuwa na kurasa tupu.

Mchoro ulikuwa mzuri, simnyimi haki yake. Chumba cha futi nane kwa sita, kina cha futi saba, ngazi ya zege, mlango wa chuma. Pembeni aliandika vitu vya kuingia navyo: maji, tochi, biskuti, hati ya shamba, cheti cha ndoa. (Cheti chetu cha ndoa hakijaonekana tangu tuhame Ongata Rongai, nilimwachia hilo alitatue mwenyewe.) Lemayian, kitinda mimba, akauliza mbwa atakaa wapi. Yeyo, mama mkwe wangu, aliyekuwa amepanda kutoka Magadi kuja kliniki, akauliza kuhusu mbuzi. Baba Naserian akafuta, akachora chumba cha pili.

"Na jirani wakija kubisha?" nikamuuliza. "Utawafungia nje?"

"Mama Naserian, hilo ni swali la awamu ya pili."

Tulimpigia Mzee, baba mkwe wangu, simu Magadi, maana katika familia hii hakuna shimo linalochimbwa, hata la choo, kabla Mzee hajasikia. Mzee alifanya kazi kwenye kiwanda cha magadi mpaka akastaafu, na vimbunga vya vumbi amevihesabu kama mtu wa kituo cha basi anavyohesabu matatu. Akasema chamchela ya ziwani huja mchana wa jua kali, hakuna hata wingu, ardhi imechemka mpaka hewa ya chini inafumuka kwenda juu na kujizungusha. Huinua vumbi jeupe la magadi, huchukua nguo kwenye kamba, na isipopata wa kumsumbua hufa yenyewe. Kile cha Oklahoma ni ukoo mwingine. Chenyewe huning'inia kutoka kwenye wingu kubwa la radi linalozunguka lenyewe, na wingu hilo hulelewa na pepo zinazopishana kasi na upande kadiri unavyopanda juu. Hapa karibu na ikweta pepo hizo mara nyingi hazina ugomvi wa kutosha. Ziwa Victoria huota minara ya maji, wavuvi wanaijua vizuri, lakini huku kwetu Kajiado?

"Kajiado kinachoondoka ni mabati," Mzee akasema. "Funga mabati."

Baba Naserian alimshukuru kwa heshima zote, akakata simu, akatafuta namba ya vijana wa mjengo. Akanikumbusha kwamba kule Kipeto, hapa hapa Kajiado, kuna minara 60 ya umeme wa upepo, megawati 100, inazunguka tangu 2021. Watu wangeleta fedha zote zile mahali pasipo na upepo? Nikamwambia mwenye mnara anatafuta upepo wa kila siku wenye adabu zake; kungekuwa na vimbunga vya kung'oa miji, asingepanda chuma kirefu namna ile kileleni. Hoja ilikuwa yangu. Vijana wakaja na sururu hata hivyo.

Aliyekuwa na akili kati yao ni fundi Mutua, na alisema mapema, kabla ya chai. "Mkubwa, huu ni udongo mweusi, blaki kotoni. Kiangazi unapasuka mpaka simu inapotelea ndani. Mvua ikija unavimba na kusukuma ukuta. Ukitaka chumba huku chini, utoe udongo wote ufike kwenye mwamba, ujaze maramu, umwage zege ya vyuma, upake dawa ya kuzuia maji. Hiyo pesa inajenga nyumba nyingine." Baba Naserian akasema tuanze kwanza na shimo, mengine yatajileta. Kwa hilo alisema kweli tupu.

Juu ulitoka udongo mweusi, chini yake likaja tabaka la mawe yaliyovunja mpini, na juu ya yote ikaja mvua. Udongo mweusi ukishashiba maji hauyaachii. Asubuhi shimo lilikuwa limejaa hadi nusu, na bata wa jirani yetu Mama Wambui, ambao wala hatujui walipita wapi, walikuwa wanaogelea katika chumba cha pili, kile cha mbuzi. Nilidai seng'enge siku hiyo hiyo. Mtoto hahitaji maji mengi kuzama, na kwetu watoto wa jirani huingia bila hodi. Kwa hiyo fedha za mlango wa chuma zikawa fedha za seng'enge na nguzo.

Shemeji alipoonyeshwa maji yale kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akakubali kusema jambo ambalo angeweza kulisema mwanzoni. Hata Oklahoma nyumba nyingi hazina vyumba vya chini, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni udongo wao mwekundu wa mfinyanzi, ambao nao huvimba na kunywea. Mei 2015, dhoruba ilipokuja pamoja na mafuriko, mwanamke mmoja wa Oklahoma City alikufa maji ndani ya handaki alilokuwa amejifichia. Masanduku mengine huelea, yakatoka ardhini yenyewe. Ndiyo maana siku hizi wengi hujenga chumba cha usalama juu ya ardhi, kidogo, cha zege na chuma, kilichofungwa kwenye msingi. Nilimwomba arudie maneno hayo kwa sauti, mume wangu akiwa pale pale.

Upepo ulikuja alasiri moja kutoka upande wa Isinya. Haukuzunguka. Ulikuwa ule upepo wa mbele ya mvua, hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu la radi, ikigonga chini inatawanyika kwa nguvu na kusukuma kila kilicho mbele yake. Hakuna aliyekumbuka handaki, na hata angelikumbuka, lilikuwa na wenyewe, wale bata. Tulijibana wote koridoni karibu na choo, mahali pekee ndani ya nyumba pasipo na dirisha: mimi, watoto, Yeyo na mkoba wake wa dawa, mbwa, na Baba Naserian akiwa ameshika tochi mchana. (Ndipo mahali hasa wanapoambiwa Wamarekani wasio na handaki wakimbilie: chumba kidogo cha katikati, ghorofa ya chini, mbali na vioo.) Paa la veranda liliinuka kwanza. Lilichomoa mstari wa mbele wa mabati ya sebuleni, likavuka ua, likatua juu ya banda la kuku la Mama Wambui. Kuku walinusurika. Sofa halikunusurika.

Mutua alipanda juu kesho yake, akashuka anacheka peke yake. Aliyetujengea, ambaye simtaji kwa sababu tunakutana naye kanisani, alikuwa ameweka mbao za paa juu ya ukuta na kuzigongelea misumari michache, basi. Hakuna kilichoshika paa na nyumba zaidi ya uzito wa paa lenyewe, na upepo ukipita juu ya bati hulivuta, ukiingia chini ya veranda hulisukuma. Mutua alichimba ukutani, akapitisha mikanda ya chuma kutoka kozi za chini za mawe hadi kwenye mbao, akaifunga. Veranda akaipa paa lake peke yake, ili safari nyingine ikiondoka iondoke yenyewe. Misumari akaiweka karibu karibu kwenye kingo, ambako upepo huanzia kazi. Kazi yote, pamoja na mabati mapya, ilikula pungufu ya kile shimo lilichokuwa limekwisha kula.

Yeyo alitazama shughuli hiyo akiwa kwenye kiti chini ya mgunga. Enkaji yake, nyumba ya Kimaasai, aliijenga mwenyewe, kama wanawake wote wa rika lake: fito zimesimikwa ardhini, zimefumwa, zimekandikwa samadi na udongo, ukuta na paa ni kitu kimoja kilichoinama, na mrefu huingia amejikunja. Upepo hauna ukingo wa kushika. Akauliza kwa nini mtu apandishe nyumba juu hivyo halafu ajichimbie shimo la kuikimbia. Mwanawe akasema ni suala la uhandisi.

Oktoba alikuja binamu kutoka Marekani na kifurushi kutoka kwa shemeji. Ndani mlikuwa na king'ora. Baba Naserian alikitundika ukutani nje ya jikoni, na Jumamosi saa sita mchana, anga likiwa safi kabisa, akakijaribu.

Mtaa wetu king'ora kina maana moja. Kabla hajapata kitufe cha kukizima, Mama Wambui alishafika na mwiko, vijana wa bodaboda na rungu, na mwenyekiti wa Nyumba Kumi akiwa na kiatu kimoja. "Mwizi yuko wapi?" Baba Naserian akaanza kuwaeleza juu ya Oklahoma. Alifika kwenye pepo zinazopishana kasi ndipo mwenyekiti, anayejenga plotini kwake na kununua maji ya bauza kila wiki, akauona ua ulivyo nyuma.

"Na hii silanga," akasema, "maji ya mjengo mnauza mtungi pesa ngapi?"

"Ishirini," Yeyo akajibu kutoka kwenye kiti chake. "Na mtungi uje nao."