Shemeji Ni wa Kwanza Google

Tangu shemeji yangu wa Keko atengenezewe tovuti ya karakana yake ya samani, kumtembelea ni adhabu. Hujakaa vizuri, ushaoneshwa simu. Anaandika Google jina la karakana yake, herufi kwa herufi, anabonyeza, na yeye huyo juu kabisa.

"Umeona, shemeji? Wa kwanza Tanzania nzima!"

Mtu anayejiita mwenyewe kisha akaitika, utamwambia nini?

Mteja hajui jina la karakana yake. Mama aliyehamia Tabata juzi, nguo bado zimo kwenye mabegi na watoto wanazikanyaga, ataandika "kabati la milango mitatu bei Dar". Jaribu kuandika hivyo uone. Nimeshuka mpaka kwenye makabati ya Uturuki, bando likakata, shemeji sijamwona. Wa juu kabisa kalipia tangazo, huyo simsemi, hela yake. Anayeniuma ni anayemfuata. Anauza makabati ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ukiyamwagia chai yanaumuka kama maandazi. Ila ukurasa wake umesema yote: kabati, milango mitatu, bei, Dar es Salaam, namba ya simu. Yule mama wa Tabata hana haja ya kuendelea kushuka. Wangapi kati yetu tunafika ukurasa wa pili?

Sasa fungua tovuti ya shemeji, fundi wa mninga ambaye droo zake zinafungwa kwa kidole kimoja. Unapokelewa na "Karibu katika ulimwengu wa ubunifu usio na mipaka." Kabati halitajwi popote. Bei: "wasiliana nasi". Keko imo, lakini ndani ya picha ya bango, wakati mashine inayopita kukagua kurasa inategemea zaidi maandishi. Kijana aliyeijenga alimtoza na hela ya ziada kwa "maneno ya siri" aliyoyaficha nyuma ya ukurasa ili Google iyaone. Google wenyewe walishatangaza mwaka 2009 kwamba maneno hayo hawayatumii kupanga nafasi. Nadhani mwaka huo kijana alikuwa chekechea.

Nikajaribu kumweleza kwamba tangu Larry Page na Sergey Brin waanzishe kampuni hiyo mwaka 1998, ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingine zinazoheshimika ndio unaopewa uzito. Wewe nani anakuelekezea watu?

"Chema chajiuza," akanijibu, akipuliza maranda kwenye randa.

Chajiuza, ndiyo, kwa aliyepita Keko akakiona. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kutafuta seremala kwa simu saa nne usiku. Nikamwambia basi angalau aiandikishe karakana kwenye ramani ya Google, ni bure. Akasema hiyo bure ndiyo inayomtia shaka.

Kumbe nusu ya maneno yangu yalimwingia. Jana nimemkuta na mchora mabango, jina la karakana linafutwa. Sasa itaitwa Kabati la Milango Mitatu Bei Nafuu Dar. Mchoraji anatoza kwa herufi. Wameshahesabu, wamehesabu tena, wamejaribu kuitoa "Nafuu", kisha wote wawili wakanigeukia.

"Shemeji," akasema, "si wazo lako hili?"