Jinsi ya Kujificha Hadharani Unapotafuta Kazi Nchelenge

Ndugu yangu wa Kashikishi, wa kisiwani Kilwa, wa Mantapala au wa Kilwa ya ng'ambo kule Kongo: barua ya kazi umeshapeleka, sasa unangoja simu. Wewe unangoja, lakini mwenye ofisi hangoji. Amesoma jina lako juu ya karatasi, amefungua simu yake, na kabla chai haijapoa ameshajua unasali wapi, unashabikia chama gani, uliachana na nani na Krismasi ulishika chupa gani. Hatakuambia. Utapata ukimya, nawe utadhani umeshindwa kwa alama.

Basi tumwandalie cha kuona. Usione haya: mgeni akija unafagia sebule, na mlango wa chumba cha kulala unaufunga. Fuata hatua hizi, na ikiwezekana uzimalize leo.

1. Jipekue wewe kwanza. Azima simu ya mtu ambaye si rafiki yako Facebook, andika jina lako kama lilivyo kwenye cheti, kisha kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha NRC, kisha kama mama anavyokuita. Wenye majina matatu ya Kikongo, jaribuni mawili mawili. Kama unaitwa Mwansa au Ilunga, mshukuru aliyekupa jina, maana umeshafichwa na umati. Kama jina lako liko peke yake ziwa zima, tumia lile la utani ambalo mtaa mzima unakuitia, uliweke Facebook, na la cheti libaki kwenye cheti.

2. Namba ya mwajiri usiihifadhi kwenye simu. Hapa ndipo wengi wanapojiuza, tena kwa furaha. Umepigiwa, umeambiwa uje Jumanne, unakimbilia kuandika "Bosi Kazi Mpya" kwenye orodha yako. Papo hapo umemfungulia mlango. WhatsApp huonyesha stetasi kwa watu mliohifadhiana namba. Yeye ya kwako anayo tayari, umeiandika mwenyewe kwenye wasifu wako. Ukiihifadhi ya kwake, mduara umefungwa, na usiku huo ataona video ya harusi ya binamu, dua zako na mafumbo uliyomrushia shemeji. Iandike namba yake nyuma ya daftari. Halafu ingia kwenye mipangilio ya faragha, na picha yako, maneno yako ya utambulisho na saa uliyoonekana mara ya mwisho viweke vionwe na walio kwenye orodha yako tu. Asiyekuwemo ataona kivuli cha kichwa na mabega, na hilo halijawahi kumnyima mtu kazi.

Kwa kuwa namba hujaihifadhi, pokea kila simu kwa heshima, hata ya anayetaka kukuuzia samaki wa chisense.

3. Kagua laini imesajiliwa kwa jina la nani. Huku ziwani laini zinazunguka: ya Zambia umepewa na shangazi, ya Kongo ulinunua Kilwa siku ya soko. Afisa mjanja hana haja ya Facebook. Anaanza kana kwamba anakutumia kwacha moja, mtandao unamtajia jina la mwenye laini, naye anaona jina lisilo lako. Kabla ya kuomba kazi nyingine, nenda na NRC yako ukasajili laini moja kwa jina lako. Hiyo ndiyo ya barua za kazi, na isiwe na kitu kingine chochote ndani yake.

4. Ya zamani yazike kwa mkupuo mmoja. Usikae kufuta picha moja moja tangu 2014. Utachoka ukiwa bado uko kwenye sare ya shule. Facebook ina mpangilio wa kubana machapisho yote yaliyopita: bonyeza, na yaliyokuwa wazi kwa dunia yanabaki kwa marafiki. Washa pia ule unaokutaka uidhinishe kwanza mtu anapoweka jina lako kwenye picha yake. Na palipoandikwa nani anaweza kukutafuta kwa namba ya simu, chagua marafiki.

Umemaliza? Bado. Kuna shimo ambalo kufuli la ukurasa wako haliliziba: maoni uliyoandika kwenye kurasa za watu wengine. Ulichomwambia mbunge kwenye ukurasa wake, ulichoandika chini ya habari ya redio, yote yako wazi hata kama kwako umefunga na komeo. Fungua kumbukumbu ya shughuli zako, nenda sehemu ya maoni, ufute bila huruma. Uchaguzi mkuu wa Zambia wa Agosti 2021 uliacha matusi mengi sana ya aina hiyo, na walioyaandika wengi wao sasa wanatafuta ajira kwa watu waliowatukana.

5. Wabembeleze wapiga picha. Picha inayokuponza kwa kawaida hukuipiga wewe. Mnunulie rafiki soda, umwombe aiondoe ile ya sherehe ya Umutomboko, ulipokunywa hadi ukamkumbatia askari. Akikataa, mwambie habari za Nairobi: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza baa ya Casa Vera Lounge faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Sheria hiyo haivuki hadi Kashikishi, lakini hadithi inavuka, na rafiki akisikia kiasi cha faini huiondoa picha haraka.

6. Mwachie cha kuokota. Ukurasa mtupu unamtia mtu shaka, na afisa aliyetumia bando lake kukutafuta hataki kurudi mikono mitupu. Mwekee vitu vitatu vya kweli vilivyo wazi: picha ya mahafali, picha uko kazini au unajitolea, na salamu za heshima kwa mwalimu wako wa zamani. Ataviona, atajisifu kwamba amekuchimba mpaka chini, na ataacha kuchimba.

7. Cheti usikiguse. Ujanja wetu unaishia kwenye mambo yasiyomhusu mwajiri, na elimu yako inamhusu. Mamlaka ya Sifa za Elimu ya Zambia, ZAQA, huhakiki vyeti.

8. Akikuomba neno la siri, kataa ukitabasamu. Usidhani ni kichekesho. Mwaka 2009 mji wa Bozeman, jimbo la Montana kule Marekani, uliwataka waombaji kazi waandike kwenye fomu akaunti zao pamoja na maneno ya siri. Watu wakaja juu, mji ukaiondoa. Mwaka 2012 Maryland ikawa jimbo la kwanza nchini humo kuwakataza waajiri kudai kitu hicho. Wewe sema hivi: "Samahani bosi, mle ndani kuna siri za watu wengine walioniamini. Hata za ofisi yako nitazitunza hivyo hivyo." Jibu hilo ni la kweli, na linamweka pabaya anayetaka kukasirika.

Utaniuliza, sheria ya kwetu je? Ipo. Sheria ya Ajira ya Zambia, Na. 3 ya 2019, inamkataza mwajiri kukubagua kwa kabila, dini, maoni ya siasa, ndoa, mimba au afya. Sheria ya Ulinzi wa Data, Na. 3 ya 2021, inazihesabu dini na siasa zako kuwa taarifa nyeti. Kongo nao wana Kanuni ya Dijitali tangu Machi 2023. Lakini utashitaki nini? Uliyekosa kazi hukuonyeshwa simu ya aliyekunyima. Hakuna karatasi wala shahidi. Dada mjamzito anaambiwa tu kwamba nafasi imejaa. Ndiyo maana nakufundisha kujificha kabla, na ninakufundisha kwa moyo wote.

9. Hii ni kwa wa Mantapala. Makazi yale yalifunguliwa kwa ajili ya waliokimbia vita vya majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika kule Kongo, na mashirika yanayofanya kazi pale yanahitaji watu wenye Kiswahili na Kibemba. Ombeni, maana lugha zote mbili mnazo. Ila zima alama ya mahali kwenye simu, na picha ya nyumba yako, ya watoto wakiwa na sare ya shule au ya foleni ya mgao usiiweke wazi. Mwajiri atakayeiona ndiye mdogo katika hofu zangu. Kule ulikotoka kuna mtu anayeweza kuwa bado anakuulizia, na yeye hakutafutii kazi. Dada, kaka, ukisahau hatua zote hapo juu, hii usiisahau.

10. Umepata kazi! Wiki haijaisha, bosi anakuomba urafiki Facebook. Ukikataa umemwudhi, ukikubali hovyo umeharibu kazi yote tuliyofanya. Kubali mara moja, halafu mwingize kwenye orodha ya marafiki waliowekewa mipaka. Yeye ataona ninyi ni marafiki. Hatapewa taarifa yoyote, na ataendelea kuona yale tu uliyoyaacha wazi kwa dunia. Sasa namba yake ihifadhi, maana ni bosi wako, lakini kwenye stetasi ya WhatsApp chagua wote isipokuwa yeye. Na isipokuwa katibu wake pia, kwa sababu wanakaa chumba kimoja.