Frikiki Iliyolala Miaka 48

Sina ugomvi na Wamarekani. Ugomvi wangu ni na mpwa wangu anayeishi Ohio, ambaye tangu ahamie huko amejipa kazi ya kuusema mpira wetu. Nikienda kumtembelea lazima aniulize sheria ya kuotea, na nikimweleza anacheka, kisha anawaita rafiki zake waje wacheke naye. "Mjomba, mchezo gani huo mtu anaadhibiwa kwa kuwahi?" Mimi natafuna mabawa yangu ya kuku, nangoja zamu yangu.

Zamu ikafika Alhamisi ya tarehe 19 Desemba 2024, Los Angeles Chargers wakiwakaribisha Denver Broncos katika huo mpira wao wa Kimarekani. Denver wanaongoza 21-10, zimebaki sekunde chache kwenda mapumziko, wakabutua mpira kuuondosha kwao. Derius Davis wa Chargers akapunga mkono juu. Ndivyo wanavyofanya huko, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni: naudaka kwa amani, msiniguse, nami sikimbii nao. Mtu wa Denver akamparamia hivyo hivyo. Refa akatupa kitambaa cha njano, adhabu yadi 15. Saa inasoma sifuri. Nikainuka nikanyooshe miguu.

Wapi! Wachezaji hawatoki uwanjani. Ule msongamano wao wa kuinama na kutazamana meno haupo. Mtu mmoja kapiga goti, kaushikilia mpira kwa kidole, maana kile kiegemeo chao cha plastiki hapo hakiruhusiwi. Denver wote wamesogezwa yadi 10 nyuma, kazi yao kutazama tu. Cameron Dicker akaja mbio, akaupiga yadi 57, ukapita katikati ya nguzo. Pointi tatu, na muda umekwisha!

Nikamgeukia mpwa wangu. "Hii nini?" Kimya. Rafiki zake, watu waliokua na mchezo huu, wote wanapekua simu. Kumbe iko sheria: ukiudaka mpira baada ya kupunga mkono, unaweza kuomba frikiki ya kulenga nguzo kutoka pale pale, hata kama muda umekwisha. Ya mwisho kuingia kabla ya hiyo aliipiga Ray Wersching mwaka 1976, tena akiwa na Chargers hao hao, enzi hizo wako San Diego. Miaka 48, haki imelala kitabuni!

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka 2013, kocha Jim Harbaugh akiwa San Francisco 49ers, alimtuma Phil Dawson apige kutoka yadi 71. Yadi 71, jamani! Ukakosa, bila shaka. Ndiye Harbaugh huyo aliyekuwa kocha wa Chargers usiku wa Dicker, kwa hiyo heshima yake nampa: angalau amesoma kitabu. Wengine wanaikumbuka sheria wakiwa mbali kupita kiasi, halafu wanashangaa haiingii. Mwaka 1968 Chicago Bears waliwapiga Green Bay Packers 13-10 kwa frikiki ya namna hiyo hiyo ya yadi 43. Kwa nini isizoeleke?

Kinachonichosha zaidi ni kwamba kijana wa sekondari huko kwa kawaida anaruhusiwa kuipiga, akifika chuo kikuu anakatazwa, akipata ajira ya kulipwa anaruhusiwa tena. Nani alikaa akapanga hivyo, na alikuwa amekula nini?

Tena usiniguse kwenye ile frikiki yao nyingine. Timu ikikabwa na mpira ndani ya eneo lake la mwisho, inafungwa pointi mbili. Sawa. Sasa ungetegemea iliyofungwa ianze na mpira, ijipoze. Hapana. Inasimama yadi 20 kutoka kwake na kumpigia mpira yule yule aliyeifunga! Kufungwa ufungwe wewe, kupeleka mpira upeleke wewe. Na hawa ndio wanaoona kuotea ni kugumu.

Kwa taarifa, mechi iliisha Chargers 34, Denver 27.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na ndugu huko anayekusumbua na kuotea, usihangaike kumchorea mistari. Muulize aliyedaka mpira baada ya kupunga mkono ana haki gani muda ukiisha. Na ajibu bila kugusa simu.