Namna ya Kuugua Baridi Ukiwa Kariakoo

Shangazi yako wa Stockholm akipiga simu Desemba kulalamika kwamba jua limezama kabla ya saa tisa alasiri na ubongo wake umegoma, usimcheke. Sonona ya majira ipo. Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitaalamu huko Marekani mwaka 1984. Giza refu huvuruga saa ya ubongo, na melatonini, homoni ya usiku, hupoteza ratiba.

Wewe wa Mtaa wa Kongo unayeutamani ugonjwa huo ili uombe ruhusa kazini, una shughuli. Dar es Salaam, siku ndefu kuliko zote na ile fupi hazipishani hata saa moja. Kwa tofauti hiyo hata jogoo habadili ratiba.

Kwa hiyo tafuta giza. Panga fremu ya ndani kabisa, ile ambayo mteja huifikia kwa kupotea. Ingia alfajiri, toka usiku. Huko Ulaya wagonjwa huketishwa nusu saa mbele ya taa ya lux 10,000. Taa ya dukani kwako haifiki hata 1,000, hongera. Ila usithubutu kutoka saa sita kufuata wali maharage: jua la Msimbazi linaweza kukumwagia lux 100,000 bure, ukapona kabla hujaugua. Koti zito la mitumba nalo halisaidii. Bodaboda wanalivaa mwaka mzima na hawajapata kitu.

Ukishindwa, subiri Januari. Hapo, kusema kweli, huhitaji kuigiza. Ili usingizi uje, mwili lazima upoe kidogo, na usiku wa Januari unacheza kwenye nyuzi 25, ukuta unarudisha joto la mchana, feni inalizungusha tu. Ubongo uliokosa usingizi hulegeza breki za hasira: asubuhi mteja akiomba umpunguzie mia tano, unamtajia ukoo wake. Tatizo ni kwamba Januari ina ada za shule na kodi ya nyumba, hivyo daktari atashindwa kujua aandike nini.

Masika ni rahisi zaidi, hasa kwa mkazi wa Magomeni. Mto Msimbazi ukifurika na Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, geukia ukutani ulale. Bosi akipiga simu, usimsumbue na melatonini. Sema tu, “Mkuu, Jangwani.”