Mwavuli wa Katapila

Saa ya ukutani sebuleni kwetu imesimama saa nne na dakika kumi tangu Jumamosi. Ukiuliza nani kaisimamisha, kila mtu anamtazama mwenzake, halafu wote kwa pamoja wanalitazama katapila.

Katapila lenyewe halifiki urefu wa kandambili yangu. Ni la manjano, limeungwa kwa vitofali vya plastiki, lina minyororo miwili, mota mbili na rimoti. Shemeji yangu anayefanya kazi Muscat ndiye aliyelileta aliporudi likizo. Akamkabidhi mpwa wake mbele ya ukoo mzima, akapigiwa makofi, akala pilau, akaondoka zake. Betri hakuleta. Sijawahi kumwona mjomba wa mtoto yeyote aliyeleta betri.

Tupige hesabu. Katapila linakula betri sita za saizi ile ya saa ya ukutani. Rimoti yake inakula tatu zile nyembamba. Jumla tisa, na yote haya kwa ajili ya kusukuma kiberiti kitupu kutoka kwenye kochi hadi kwenye meza. Zile nyembamba, mbili zilitoka kwenye rimoti ya televisheni na moja kwenye rimoti ya king'amuzi, kwa hiyo sasa nikitaka kubadilisha stesheni nainuka, nachuchumaa mbele ya king'amuzi na kutafuta kitufe kwa kidole kama natafuta kigaga. Za saizi kubwa, moja ilitoka kwenye saa, mbili kwenye redio yangu ndogo ya taarifa ya habari, na tatu kwenye mashine ya mama mkwe ya kupimia presha.

Hili la mwisho silijui lilivyopita. Nilichoona ni mama mkwe asubuhi ya Jumapili, mkono umefungwa kitambaa, anabonyeza, haoni kitu. Akabonyeza tena. Akaniita kwa sauti ya chini kabisa: "Mkwe wangu, njoo. Nadhani presha imekwisha."

"Imeshuka, Mama?"

"Haijashuka. Imekwisha. Haipo."

Nikafungua mashine kwa nyuma. Ndani kulikuwa na betri moja na nafasi tatu. Mwanangu, akiwa mlangoni, akaniambia kwamba amemwachia Bibi moja kwa sababu anampenda.

Kabla hatujafika huko, katapila lilikuwa linahitaji kuundwa. Boksi linasema ni kazi ya mtoto wa miaka tisa. Mtoto wangu ana miaka tisa, na kazi yake ilikuwa kumwaga vitofali sakafuni na kwenda kulala. Nimeunda mimi, usiku tatu, nikimulika kwa tochi ya simu, nikiongozwa na kijitabu kisicho na neno hata moja, michoro tupu. Watoto wote huita vitu hivi "lego", kama sisi tulivyoita kila sabuni ya unga Omo. LEGO wenyewe ni watu wa Billund, Denmark, na tofali lao hili la vishikizo liliombewa hataza mwaka 1958. Hataza haidumu milele, ilipokwisha kila mwenye kiwanda cha plastiki akajitosa, na boksi letu lina jina la kampuni nisiloweza hata kulisoma. Lakini nakiri kitu kimoja: tofali la LEGO la 1958 bado linashikana na la leo. Chaja ya simu yangu ya zamani haiingii kwenye simu yangu ya sasa, na zote nilinunua mwenyewe, duka lilelile.

Usiku wa tatu nikabana kitofali cha mwisho, nikaweka betri, nikasukuma vijiti vyote viwili vya rimoti mbele. Mnyororo wa kulia ukaenda mbele. Wa kushoto ukarudi nyuma. Katapila likaanza kuzunguka palepale kama mtu aliyeitwa na pande mbili za ukoo. Nikajua tu nimegeuza gia mahali fulani. Nikalibomoa hadi kwenye mota, nikaliunda upya, saa mbili nzima, nikasukuma vijiti, likazunguka. Asubuhi mwanangu akalichukua, akaipindua rimoti, akasogeza swichi ndogo kama punje ya mchele ambayo kazi yake pekee duniani ni kugeuza mwelekeo wa mota. Likaenda mbele. Akaniuliza, "Baba, ulikuwa hujui?" Mama yake alikuwepo, anachemsha chai, na alinigeuzia mgongo ili nisimwone uso.

Basi tukatoka nje kulifanyia majaribio uwani, saa saba mchana, jua la Dar es Salaam. Mtoto akasukuma vijiti. Kimya. Akasogea. Kimya. Akachuchumaa mpaka rimoti ikakaribia kugusa katapila, ndipo likajikokota kidogo na kusimama.

Hapa lazima nieleze, maana mimi mwenyewe ilibidi nielezwe na fundi wa televisheni wa mtaani. Rimoti ya aina hii haitumi mawimbi ya redio. Inatuma mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni. Ukiielekeza kwenye kamera ya simu na kubonyeza, simu nyingi zitakuonyesha kitaa kinawaka rangi ya zambarau. Ndivyo fundi anavyojua kama rimoti yako imekufa au ni wewe umeikalia vibaya. Mwanga huo unapokewa na kidude cheusi mgongoni mwa katapila. Tatizo ni kwamba jua nalo limejaa infraredi. Kwa hiyo ukiwa nje mchana, rimoti yako inanong'ona na jua linapiga kelele, na kidude cheusi hakisikii kitu. Huko kwenye nchi za baridi, ambako watoto huchezea vitu hivi juu ya zulia huku theluji inaanguka dirishani, sidhani kama jambo hili linawakosesha watu usingizi.

Mwanangu akasema suluhisho ni kivuli. Mti tulionao ni mpapai, na kivuli cha mpapai kinamtosha mjusi. Akaenda ndani, akarudi na mwavuli wa mama yake.

Ndiyo hivyo, wasomaji wangu. Jumapili ile, watu wanatoka kanisani, waliopita njia ya kwetu walimwona baba mzima, shati limechomekewa, anatembea kinyumenyume amelifunika katapila la plastiki kwa mwavuli wa maua. Likienda kushoto naenda kushoto. Likisimama nasimama. Mzee mmoja alipunguza mwendo, akanitazama, akanisalimia kwa upole unaotumika kwa wagonjwa: "Hujambo, baba? Nyumbani wazima lakini?"

Sisi tulipokuwa wadogo kule Korogwe, gari la waya lilikuwa na fimbo ndefu ya usukani iliyokufika kifuani na matairi ya kandambili kuukuu. Hiyo fimbo haikujua jua wala mvua. Lakini nisijisifu sana: gari langu lilikuwa linavuta upande wa kulia miaka yote, na mara mbili liliniingiza mtaroni.

Tukiwa katika shughuli hiyo ya mwavuli, mtoto wa jirani akaja na lake. Lori jekundu, mfumo uleule. Akaliweka chini ya mwavuli. Mwanangu akasukuma kijiti, katapila likaenda, na lori la mwenzake nalo likaenda. Wakapiga kelele za furaha. Mtoto wa jirani akasukuma kijiti chake, vyote viwili vikarudi nyuma. Dakika ya pili furaha ikaisha, wakaanza kugombana.

Nikalitazama vizuri. Pale kwenye kidude cheusi, na kwenye rimoti pia, kuna swichi ya chaneli, moja hadi nne. Wote wawili walikuwa chaneli namba moja. Nikasema rahisi, mmoja wenu ahamie namba mbili. Mwanangu akasema hahami, uwanja ni wa kwao. Mwenzake akasema hahami, yeye mgeni. Nikapendekeza basi mmoja aende namba tatu, pengine tatu haina aibu kama mbili. Hakuna aliyetaka. Nikasema wote wawili waondoke namba moja, ibaki wazi, isiwe ya mtu. Wakanitazama kama nimewaambia tuuze nyumba. Mpaka leo wote wawili wako namba moja, chaneli tatu zinakaa bure, na wanacheza kwa zamu: huyu akibonyeza, yule analishikilia lake kwa mguu lisiondoke.

Baba wa mtoto yule alipokuja kumchukua mwanawe, akaniambia rimoti zimepitwa na wakati, siku hizi ni simu. Kumbe kweli. LEGO wenyewe walikuwa na rimoti za infraredi, halafu mwaka 2019 wakatoa ekskaveta la vipande 4,108, mfano wa lile Liebherr R 9800 la migodini, lenye mota saba na visanduku viwili vya betri, sita kila kimoja. Rimoti halina. Linaendeshwa kwa programu ya simu kupitia Bluetooth, na Bluetooth ni redio, haijali jua. Jina lenyewe limetoka kwa Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyeitwa Jino la Bluu. Yaani Wadenmaki wamenishika huku na huku, kwenye tofali na kwenye mawimbi.

Nilisikiliza yote kwa heshima, lakini nilichosikia mimi ni betri kumi na mbili na simu. Simu yangu. Simu yenye pesa ya kodi, yenye bosi, yenye kikundi cha mchango wa harusi ambacho nimekikwepa wiki mbili. Nilishamwona mwanangu analirudisha ekskaveta nyuma, bosi anapiga, naye anapokea na kusema, "Shikamoo, subiri, limekwama chini ya friji." Usiku huo shemeji akanitumia ujumbe wa sauti kutoka Muscat: likizo ijayo ana kitu kizuri zaidi, hakihitaji hata rimoti. Nimemjibu kwamba wote wazima, mama yake anamsalimu, na presha yake haipo.

Jana jioni jua likazama. Tukatoka uwani bila mwavuli. Mwanangu akakaa kizingitini, akasukuma vijiti, na katapila likaondoka, likapita mpapai, likapita ndoo, likaenda moja kwa moja mpaka karibu na geti, linasikia kila neno. Nikasema sasa nipe na mimi. Akanipa. Nikasukuma vijiti. Likatembea hatua mbili, likaguna, likafa.

Mtoto akaenda kulichukua, akazitoa betri, akaziuma moja moja, akazirudisha. Halikushtuka. Kuzianika ndiyo hivyo, jua lenyewe limeshaondoka.

"Baba, dukani kwa Mangi watakuwa hawajafunga."

Nikaingia ndani, nikainua macho ukutani nione kama bado kuna muda. Saa nne na dakika kumi.