Mmea Usioomba Maji

Ukitaka kuwanyima usingizi watu wa Tura, waletee mmea usioomba maji.

Huku kiu ina historia. Misafara ya kutoka pwani iliaga Ugogo, ikaingia Mgunda Mkali, pori lililowatisha wapagazi kwa ukavu wake, ndipo ikaibukia Tura, mlango wa Unyamwezi. Richard Burton na John Speke walipita njia hiyo mwaka 1857 wakielekea Kaze, Tabora ya leo. Mtu aliyetoka pori lile hupewa maji kwanza, habari baadaye. Hakuna mzee wa hapa angemwambia mpagazi, “Pole na safari, kata yako utaipata wiki ya tatu.”

Lakini kimche cha alovera, yaani shubiri, nilicholetewa kutoka Tabora mjini, ndani ya kopo la rangi, kilikuja na masharti yayo hayo: kisinyweshwe mpaka udongo ukauke kabisa. Niliwaeleza wa nyumbani kwamba majani yale manene yamejaa akiba ya maji, na kwamba shubiri huishi kama mlinzi wa zamu: jua likiwaka hufunga matundu ya majani yake, usiku ndipo huyafungua kuvuta hewa, ili maji yasipotee bure. Walinisikiliza kwa adabu. Adabu ya huku haimaanishi kukubali.

Wa kwanza kukinywesha alikuwa mama mkwe. Alitoka na kata alfajiri, akanikuta kibarazani.

“Baba, mbona kiumbe hiki kinateseka na wewe ni mwalimu?”

Mkwe hakatazwi. Nilisema, “Asante, mama,” huku kopo likijaa. Mapacha wetu, Kulwa na Doto, maana huku pacha hana uhuru wa jina jingine, wakapokea zamu: Kulwa alimwagilia kwa sababu Doto alisahau, na Doto alimwagilia kwa sababu Kulwa alisingizia. Jirani naye, akipita na sufuria, hakuona sababu ya kumwaga maji ya mchele barabarani.

Kopo la rangi halina tundu chini. Mizizi ya shubiri inahitaji hewa kuliko maji, ikizama huoza. Majani yakalegea, yakageuka rangi ya uji, na shina likaanza kuwa jeusi. Baraza zima likakaa kikao na kutoa jibu kwa kauli moja: kiu. Kikaongezwa maji.

Mtani wangu, Mgogo, alicheka mpaka akashika nguzo. “Wanyamwezi nyie! Mlibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, leo kikopo kimoja kimewashinda!”

Dawa ya shubiri iliyooza ni kukata palipooza, kuacha kilichobaki kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke, kisha kukipanda kwenye udongo wenye mchanga mwingi. Nilikilaza dirishani kikiwa uchi, bila udongo. Mama mkwe akakiona. Niliporudi kutoka shuleni kilikuwa kimeketi kwenye beseni, kinaoga.

Kilipopona hatimaye, ndani ya kopo lililotobolewa kwa msumari, ikaanza taabu ya pili. Mtaani palivuma habari za kideri. Chanjo ndiyo kinga ya kuku, lakini desturi ya kuwapondea shubiri kwenye maji haijastaafu. “Jani moja tu, mwalimu.” Kisha akaja mama anayemwachisha mtoto ziwa, anataka utomvu wa kupaka ili mtoto aone uchungu. Jani moja tu, mwalimu. Alovera ikabaki na sura ya mwanajeshi mpya, imenyolewa pande zote.

Ndipo nikagundua kwamba tatizo halikuwa maji. Huruma ya watu hawa ina mikono, na mikono lazima ipate kazi. Kuihubiria sayansi ni kupoteza mate. Nikapanda mchicha kwenye makopo pembeni yake. Mchicha unakunywa asubuhi, unakunywa jioni, ukikosa unalala chini mbele za watu ili uonewe huruma, na ukipewa unasimama papo hapo. Kata zote zikahamia kwake. Jirani akaleta maji yake ya mchele. Kulwa na Doto wakagawana makopo, na jioni tukala mboga.

Alovera sasa inatoa vichipukizi. Juzi mama mkwe alisimama mbele yake, kata mkononi, akaitazama kwa muda, kisha akageukia mchicha.

“Huyu ana shukrani,” akasema, akimwaga maji. “Yule mwache. Ana kiburi.”