Nane Nane ya Mnyama

Simba Day ni tamasha la klabu ya soka ya Simba, maarufu kama Mnyama, lililoanza 2009 na kupangiwa 8 Agosti, yaani Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Mbinga, ambako mwezi huo kahawa huwa imejaa vichanjani, mkulima huadhimisha siku yake kwa kumwachia mama watoto kazi ya kugeuza kahawa, naye akaenda banda umiza kumtazama straika mpya akipiga danadana.

Tangu watani wao, Yanga, watwae ubingwa wa ligi misimu minne mfululizo, 2021/22 hadi 2024/25, tamasha limezaa ubishi. Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, huuliza kinachosherehekewa ni kitu gani. Wanamsimbazi, wale wa Simba, hujibu kwamba mechi ya kirafiki ya tamasha haina msimamo wa ligi. Wako wanaolaumu tarehe, maana mwaka 2024 tamasha lilifanyika 3 Agosti. Lakini 2022 lilifanyika Nane Nane yenyewe, na kombe likaenda Jangwani, kwa Yanga, vilevile.

Mbamba Bay, kilomita 66 kutoka Mbinga kuelekea ziwani, ubishi huendelea dagaa wakiwa juani. Hukatizwa tu kunguru wanaposhuka kichanjani. Hapo Simba na Yanga hurusha mawe pamoja.